Tangu Mgeni Aingie

Mwanakombo alikwisha kuficha ugonjwa wake miaka minne kabla hajapata mtu wa kumsingizia.

Ulimshika mwaka ule alioolewa na Ashraf, fundi wa mashine za boti. Asubuhi moja tumbo lilimkata, akaenda chooni mara tano kabla hajawasha moto, na mara ya sita akaona damu. Akadhani ni mchango tu, ugonjwa wa tumbo wanaoupata wanawake wengi. Bibi mmoja wa Mwandiga akampa mizizi ya kuchemsha. Ukapoa mwezi mzima, ukarudi. Akanunua dukani vidonge vya amiba, akameza mpaka chakula chote kikawa na ladha ya bati mdomoni. Ukapoa, ukarudi. Kila ukirudi ulikuja na ukali zaidi, na viungo vya magoti vikamuuma kama mwanamke wa miaka sabini, naye alikuwa na thelathini na mbili.

Hakumwambia mume wala ndugu. Miaka ile, mtu akikonda na kuhara hakuulizwa anaumwa nini. Watu walikwisha kumwekea jina. Mwanakombo mwenyewe alikuwa amewahi kuwahesabia wenzake mbavu na kunong'ona kuwa fulani amekanyaga waya. Kwa hiyo alijua atakavyonong'onwa yeye. Alikuwa akiuza mawese sokoni Ujiji, na chini ya madebe yake kulikuwa daima na khanga kuukuu iliyokunjwa, ya kujisetiri. Alichagua kibanda cha mwisho, karibu na choo, akawaambia wenzake anapenda kivuli cha upande ule. Gauni likimlegea, alilipunguza kwa sindano, akavaa jingine ndani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na sita, vita vikapamba moto ng'ambo ya ziwa. Watu wakavuka. Walikuja katika boti za samaki, katika mitumbwi, hamsini mahali pa kukaa kumi na watano, na wengi wakateremkia Katonga, pale pale samaki waitwao migebuka walipokuwa wakimwagwa kila asubuhi. Watu wa Ujiji wakaenda kutazama. Wengine walipeleka ugali, wengine walipeleka macho tu.

Mwanakombo alipeleka sufuria ya muhogo. Alipokuwa akigawa, mwanamke mmoja kijana aliyeketi kwenye mchanga wenye maji, na binti wa miaka mitatu amemlaza mapajani, akamwita.

"Yaya, unisaidie maji ya mtoto."

Yaya. Kwa watu wa kule, yaya ni dada mkubwa. Neno hilo Mwanakombo alikuwa hajalisikia tangu alipomzika bibi yake, aliyeletwa Ujiji mgongoni mwa mama yake kutoka Manyema, akaishi hapa miaka themanini na bado akimwita dada yake vile. Moyo ukamgeuka. Akampa maji, kisha akampa mkono, akarudi naye nyumbani na mtoto wake.

Mwanamke huyo aliitwa Mapendo. Mtoto aliitwa Sifa. Mume alikuwa amebaki njiani, na Mapendo hakusema kwa namna gani.

Ashraf hakukataa. "Mgeni siku mbili," akasema akicheka, "siku ya tatu mpe jembe." Mapendo hakungoja siku ya tatu. Kesho yake alikwisha kufagia uwanja, kuteka maji na kuipika sombe, ambayo Ujiji wanaiita kisamvu, kwa mawese mpaka Ashraf akalamba vidole. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kassimu, alipita kuuliza nani huyu. Alipoambiwa kuwa ni kama ndugu, akasema, "Amri inataka waende kambini. Lakini mwenye mtoto mdogo hivi, acha akae kwanza tuone."

Haikupita wiki Mapendo akajua. Alikuwa akikusanya nguo za kufua, akakuta khanga ile iliyokunjwa chini ya madebe yaliyorudi kutoka sokoni, ina damu. Hakupiga kelele. Alimfuata Mwanakombo jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Yaya, hii damu si ya mwezi."

Mwanakombo akaketi juu ya kinu akasema yote, miaka minne, mizizi, vidonge, magoti, magauni mawili mawili, akaomba iwe siri. Alilia kama mtoto. Mapendo hakuuliza kama ni ule ugonjwa wa kunong'onwa. Aliuliza tu, "Kipi kinakaa tumboni?" Tangu siku hiyo alimpikia uji wa mchele uliopondeka, akamzuia pilipili, akamfulia vitambaa nyuma ya nyumba kwa maji ya moto na majivu, akavianika ndani ya chumba chake mwenyewe ili mtu asivione. Usoni mwa Mwanakombo nyama ikaanza kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa na mtu ambaye mbele yake hakuhitaji kubana tumbo. Walicheka sana wale wawili, miezi ile mitatu. Walicheka hata mambo ya choo.

Kisha, mvua zikiwa bado zinanyesha, kuhara damu kukaingia mjini. Gari lenye kipaza sauti lilipita Ujiji likitangaza: chemsheni maji, naweni mikono, mwenye dalili aende kwenye mahema ya wagonjwa. Mtoto wa jirani akaugua siku mbili tu akafa. Wakamzika asubuhi, na jioni watu wakaanza kutafuta mlango ambao ugonjwa ulipitia. Hawakutafuta mbali.

Na wiki hiyo hiyo, kama kwa kukusudia, tumbo la Mwanakombo likaamka.

Hadija, dada yake Ashraf, aliishi ng'ambo ya ua. Siku hiyo alikuja kuazima ungo, akapita nyuma ya nyumba bila kubisha hodi, akamkuta Mapendo ameinamia beseni la vitambaa, maji mekundu.

"Yallah!" Hadija akapiga yowe. "Ndiyo haya! Ndiyo haya yanayotuua!"

"Si vyangu, mama," Mapendo akasema.

"Vya nani basi?"

Mapendo aliinamisha macho kwenye beseni, akaendelea kufikicha, mpaka Mwanakombo mwenyewe akatoka kwa kujikongoja akasema, "Ni vyangu, wifi. Tumbo limenishika."

"Wewe! Amekuambukiza!" Na Hadija akaondoka mbio, ungo amesahau.

Kufika alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Kassimu alikuja, na pamoja naye bwana afya mwenye daftari na buti za mpira. Ashraf aliitwa kutoka gati, mikono bado na grisi. Majirani walisimama kwenye ua, khanga zimeziba pua. Mapendo alikuwa kando ya mlango, beseni tupu mkononi, Sifa amemshika gauni.

Bwana afya hakuwa mtu mkali. Aliuliza jina, umri, akaandika. Kisha akauliza, "Mama, umeanza lini kuharisha damu?"

Swali dogo. Mwanakombo akafungua kinywa. Akaona macho ya Ashraf yakimtambalia, yakishuka kwenye mikono iliyokonda, kwenye kiuno, kama mtu anayejumlisha. Akaona midomo ya majirani imekwisha kujikunja tayari. Akisema miaka minne, hawatasikia miaka minne. Watasikia jina moja, na kabla hakujacha litakuwa limefika Mwanga na Simbo. Wangeiogopa hata maiti yake.

"Umeanza lini?" bwana afya akarudia.

"Tangu mgeni aingie," Mwanakombo akasema.

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja, karibu kwa furaha. Bwana afya akaandika. Mzee Kassimu akatikisa kichwa, akasema hapo hakuna la kungoja tena, kesho asubuhi kuna lori la kwenda kambini.

Mwanakombo hakutazama mlangoni. Alisikia tu beseni likiwekwa chini, taratibu.

Asubuhi, kabla watu wa mahema hawajaja kumchukua Mwanakombo, Mapendo alitoka na furushi. Jirani mmoja alikuwa ametema mate pale Mapendo alipokuwa amelala. Alisimama mbele ya kitanda cha Mwanakombo, akamfunga Sifa mgongoni, mtoto mzima, mnene, aliyekuwa akinyonya kipande cha muwa.

"Yaya," akasema, "uji usiache. Mchele upikwe mpaka uvunjike."

Basi. Lori likaondoka.

Katika mahema, Mwanakombo alilazwa siku kumi na moja kati ya watu waliokuwa na kuhara damu kwa kweli. Aliwaona wakifa, aliwaona wakipona. Waliopona walipona kwa siku tano. Yeye alimeza dawa zile zile na hakupona wala hakufa. Dakta Martini, Muha wa Kasulu, mtu mrefu wa maneno machache, akaanza kusimama kitandani pake kwa muda mrefu kuliko kwa wengine. Choo chake kilipimwa mara tatu na hakikuonyesha mdudu wa kuhara damu. Alikuwapo pia daktari mgeni, mama wa Kizungu aliyeletwa na shirika kwa ajili ya wakimbizi, mwenye bomba lenye taa la kuchungulia utumbo. Wakachungulia. Mwanakombo aligeuza uso ukutani akauma shuka.

Baadaye Dakta Martini akavuta kiti.

"Mama, utumbo wako mpana una vidonda, na makovu ya siku nyingi. Karatasi yako inasema miezi mitatu. Niambie kweli. Umeanza lini?"

Safari hii hakukuwa na majirani. "Miaka minne, daktari."

Daktari akaacha kuandika. Akakata mstari kwenye maneno ya bwana afya. "Ungesema mapema," akasema.

Walimpima ule ugonjwa aliouogopa. Hakuwa nao. Miaka minne yote alikuwa amejificha mbele ya kitu ambacho hakikuwamo mwilini mwake. Alipoambiwa hakushukuru. Alijifunika shuka usoni.

Damu nyingine ikatiwa katika kichupa, ikafungwa katika barafu, yule daktari mgeni akasafiri nayo kwao. Majibu yalikuja mwezi wa sita, karatasi moja ya Kizungu. Dakta Martini alimwita akamfafanulia.

"Unajua wanavyotufundisha juu ya askari wa mwili?"

"Wale ambao ukimwi unawaua."

"Hao. Wako hawajauawa. Wapo, tena wakali. Shida yao wamekosea adui. Hapa wameona kingamwili, yaani silaha ambazo damu hutengeneza kupigana na vijidudu. Zako zimeelekezwa kwenye chembe za damu yako mwenyewe. Na mwili wenye vita vya namna hii huwa unaugeukia utumbo wake, unautia vidonda, kama vile utumbo ni mvamizi."

"Nani ameziweka?"

"Hakuna aliyeziweka. Hatujui zinaanzia wapi. Na sitaki nikudanganye, karatasi hii peke yake isingetosha, maana wako wagonjwa wasio na alama hizi, na wako wazima walio nazo. Lakini ukiiweka pamoja na vile vidonda tulivyoviona, na miaka yako minne, habari imekamilika."

"Unaambukiza?"

"Hauambukizi. Hukumpa mtu, na hakuna mtu aliyekupa."

Mwanakombo akaikunja karatasi mara nne. "Daktari, ninyi mna gari linalokwenda kambini?"

Walikuwa nalo, kila Jumatano, kwa ajili ya zahanati ya kule. Akaenda nalo. Alibeba galoni la mawese, khanga mpya na karatasi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Kambi ilikuwa hema baada ya hema, vibanda vya udongo vikianza kuota kati yake, moshi, na foleni kwenye bomba la maji. Aliuliza mpaka mkuu wa mtaa mmoja akamwelekeza.

Mapendo alikuwa akichambua maharage juu ya turubai. Alikuwa amezeeka. Aliinua macho, akamtambua, akasogeza kigoda kama anavyosogezewa mgeni yeyote.

"Karibu, yaya. Uketi."

Mwanakombo akaketi. Akatazama ndani ya kibanda, akatazama nyuma. "Sifa yuko wapi?"

"Alikufa."

Akasema hivyo tu, akaendelea kuchambua. Kisha akaongeza. "Walitupokea kwenye hema moja watu sitini, na choo kimoja. Wiki ya pili akashikwa na kuhara damu. Siku tatu. Alipotoka kwako alikuwa mzima, uliona."

"Niliona."

Kwenye turubai Mapendo alikuta jiwe dogo kati ya maharage, akalitupa. Mwanakombo akaitoa karatasi.

"Wamenipima damu mpaka Ulaya. Ni mwili wangu wenyewe unaojila. Inasema ugonjwa haukutoka kwako, mdogo wangu."

Mapendo akaipokea, akaitazama juu chini, akairudisha. "Kwani hilo lilihitaji karatasi? Si mimi niliyekuwa ninafua?"

"Nisamehe."

"Nilisimama pale na beseni," Mapendo akasema, bila kupandisha sauti, "nikawa najiambia, sasa yaya atasema. Yule mwanamume akauliza mara ya kwanza, nikasema, sasa. Akauliza mara ya pili."

"Kwa nini hukusema wewe? Ulijua yote. Ungesema!"

"Nani angenisikia? Na uliniambia ni siri."

Mwanakombo akaanza kulia. Mapendo hakumnyamazisha, wala hakulia naye. Alimwacha mpaka akamaliza, akamletea maji ya kunawa uso.

"Niambie nifanye nini," Mwanakombo akasema.

"Kule mtaani wanasemaje juu yangu?"

"Wanasema... ulileta ugonjwa. Kwamba ulimuua mtoto wa jirani."

"Na karatasi hii umemsomea nani?"

Hakuwa amemsomea mtu. Alikuwa ameikimbiza huku kwanza, kwa yule pekee ambaye hakuihitaji.

"Basi nenda ukawaambie," Mapendo akasema. "Mimi usiniletee tena." Mawese aliyapokea, kwa sababu kambini njaa haina kiburi, akawapimia wenzake wa vibanda vya jirani pale pale mbele ya macho ya aliyeyaleta. Khanga akaikunja, akamrudishia. Gari la zahanati lilipopiga honi hakumsindikiza.

Mwanakombo aliwaambia. Lazima isemwe kwamba aliwaambia. Ijumaa iliyofuata Hadija alikuwa na wanawake saba barazani wakipepeta mchele wa shughuli. Akasimama mbele yao akasema kila kitu, tangu mwaka ule wa kwanza, hata khanga chini ya madebe. Akasema Mapendo hakuwa na ugonjwa wowote, na mtoto wake amefia kambini kwa ajili ya maneno yake yeye. Wakamsikiliza nyungo zikiwa zimesimama hewani. Alipomaliza, mmoja akasema, "Maskini." Mwingine akasema mambo ya Mungu hayo. Hadija akamimina chai, na Mwanakombo akaona kikombe chake kimewekwa peke yake, mbali na vingine. Walikuwa wamesikia neno moja tu. Miaka minne.

Akaenda kwa Mzee Kassimu. Mzee akakohoa, akasema, "Usijitese, binti yangu. Yule angeondoka tu. Amri ilikuwepo." Maneno yale yalimpoza siku mbili. Siku ya tatu akakumbuka kwamba amri ilikuwepo hata siku ile mzee aliposema acha akae.

Ashraf hakumpa talaka. Alisikia yote akiwa amesimama, akauliza, "Yule mgeni alijua?"

"Alijua."

"Mgeni alijua, mimi mumeo sikujua." Mwezi uliofuata akapata kazi katika bandari nyingine huko kusini mwa ziwa, akawa anarudi mara moja kwa miezi miwili, analala chumba cha mbele.

Dakta Martini alimwanzishia vidonge vya kuwatuliza wale askari wakosefu. Vilifanya kazi. Damu ikakauka, magoti yakanyooka, akala ugali wa muhogo bila kuogopa. Alimwonya kwamba dawa hizo huvimbisha uso, na kweli, kufika mwisho wa mwaka mashavu yalikuwa yamejaa na kung'aa kama ya bibi harusi.

Sokoni watu wakampenda tena. Alihama kibanda cha karibu na choo. Asubuhi moja mteja wake wa zamani, mama mmoja wa Mwanga, alisimama akamtazama kwa furaha ya kweli.

"Mwanakombo! Umenawiri, mwanamke! Unaona sasa? Tangu mkimbizi yule akutoke nyumbani, umepumua."

Mwanakombo alishika faneli, akamimina mawese mpaka chupa ikajaa, akaifuta, akaifunga. Alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili mara nyingi, na kila mara lilirudi likiwa limegeuzwa vile vile.

"Mtoto wake aliitwa Sifa," akasema.

"Nani?" yule mama akauliza, na bila kungoja jibu akapokea chupa yake, akaulizia bei ya dagaa kibanda cha pili.